Manute Bol: Nyota wa NBA aliyeishiwa hela kwa ajili ya watu wake

Kati ya wachezaji wote waliodumu kwenye ligi ya NBA, ni mmoja tu aliyestaafu akiwa amezuia mitupo mingi kuliko pointi alizofunga. Jamaa anaitwa Manute Bol. Mechi 624, pointi 1,599, mitupo iliyozuiwa 2,086.

Watu wengi wanamkumbuka kwa urefu wake. Futi 7 na inchi 7, sawa na mita 2.31. Video zake bado zinazunguka mitandaoni: mtu mwembamba kama mlingoti, mikono inafika karibu na ringi bila hata kuruka, na wachezaji wa timu pinzani wanaonekana kama watoto wa shule pembeni yake.

Kitu ambacho video hizo hazionyeshi ni hela yake ilikwenda wapi. Sehemu kubwa ya kipato chake ilitumwa kusini mwa Sudan, eneo ambalo leo ni nchi ya Sudan Kusini na ambalo enzi hizo lilikuwa linaungua kwa vita. Alipofariki Juni 19, 2010, Bol hakuwa tajiri hata kidogo. Alikuwa katikati ya kazi ya kujenga shule kijijini kwao.

Mtoto wa wafugaji

Kumbukumbu rasmi zinasema Bol alizaliwa Oktoba 16, 1962. Tarehe hiyo ni ya kwenye makaratasi zaidi, maana alitoka kwenye jamii ya wafugaji wa Kidinka ambako wakati ule watoto hawakuandikiwa vyeti vya kuzaliwa. Nyumbani kwao ni Turalei, kwenye jimbo ambalo leo linaitwa Warrap.

Kwa Wadinka ng'ombe ndiyo kila kitu. Ng'ombe ni mahari, ni akiba, ni heshima ya ukoo. Bol alikua akichunga. Mwenyewe alisimulia kwamba akiwa kijana aliwahi kumuua simba kwa mkuki, simba aliyekuwa akisumbua mifugo. Baadaye waandishi wa Marekani waliipenda sana hadithi hiyo, na yeye hakuchoka kuisimulia. Alikuwa akiongeza kwamba simba mwenyewe alikuwa amelala.

Urefu haukuwa ajabu nyumbani kwao. Wadinka ni kati ya watu warefu zaidi duniani, na wazazi wake wote wawili walikuwa warefu. Babu yake, Bol Chol, alikuwa chifu. Lakini hata kwa Wadinka, Manute alizidi.

Alianza na soka. Akaacha, kwa sababu miguu ilikuwa mirefu mno kwa mchezo ule. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ndugu zake wakamshawishi ajaribu mpira wa kikapu, akaanzia mji wa Wau. Siku za mwanzo aliruka kudanki, meno yakagonga chuma cha ringi, akapoteza kadhaa. Hakukata tamaa. Akahamia Khartoum, mji mkuu, akachezea timu za huko na timu ya taifa ya Sudan.

Khartoum haikuwa rahisi kwa kijana wa Kidinka kutoka kusini. Watu wa kusini walidharauliwa, na yeye hakuweza kujificha popote kwa urefu ule. Ugomvi ulikuwa wa kawaida.

Pasipoti iliyomfanya mfupi

Mwaka 1982 kocha mmoja Mmarekani, Don Feeley, alikwenda Sudan kufundisha mpira wa kikapu. Alipomwona Bol hakuamini macho yake. Akamshawishi aende Marekani, na mwaka 1983 Bol akapanda ndege.

Hapa kuna kisa ambacho hadi leo kinachekesha. Pasipoti yake iliandikwa kwamba ana urefu wa futi 5 na inchi 2, kama mita 1.57. Maelezo yake yalikuwa kwamba walimpima akiwa amekaa.

Mwaka huohuo timu ya San Diego Clippers ilimchagua katika drafti, ule utaratibu wa timu za NBA kugawana wachezaji wapya. Alichaguliwa raundi ya tano. NBA ikaubatilisha uteuzi huo kwa sababu taratibu za kujiandikisha hazikufuatwa. Basi akabaki hana timu, Kiingereza hajui, na kusoma na kuandika bado ni mtihani.

Akaenda Cleveland kujifunza lugha. Chuo kilichotaka kumtumia uwanjani hakikufanikiwa, kwa kuwa hakutimiza masharti ya masomo. Hatimaye, msimu wa 1984-85, akaingia Chuo Kikuu cha Bridgeport, jimbo la Connecticut. Chuo kidogo, ligi ya daraja la pili la vyuo. Ukumbi ukaanza kujaa watu wanaotaka kumshuhudia kwa macho yao. Alimaliza msimu kwa wastani wa pointi 22.5, ribaundi 13.5 na mitupo 7.1 aliyoizuia kwa kila mechi.

Mwaka 1985 Washington Bullets wakamchukua raundi ya pili, akiwa mchezaji wa 31 kuchaguliwa.

Mita 2.59 za mikono

Makocha walikuwa na wasiwasi mmoja mkubwa: mwili wake. Alikuwa mwembamba mno, na NBA ya miaka ile ilikuwa ya mabavu. Chini ya ringi walikuwa wanasukumana hasa. Bol hakuwa na misuli ya kusukumana na mtu.

Lakini alikuwa na mikono. Akiinyoosha kushoto na kulia, kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole ilikuwa futi 8 na inchi 6, karibu mita 2.59. Mchezaji wa timu pinzani alikuwa anadhani ameshampita, anatupa, halafu mkono unatokea kutoka nyuma na mpira unaishia kwa mashabiki.

Msimu wake wa kwanza, 1985-86, alizuia mitupo 397. Hiyo ni wastani wa karibu 5 kwa mechi. Katika historia yote ya NBA ni msimu mmoja tu unaoizidi hesabu hiyo: 456 za Mark Eaton wa Utah Jazz msimu uliotangulia. Na kwa mchezaji mgeni kwenye ligi, hakuna aliyewahi kuifikia 397 hadi leo. Mara mbili, Januari 1986 na Februari 1987, Bol alizuia mitupo 15 ndani ya mechi moja.

Kwenye ufungaji alikuwa hoi. Wastani wake wa maisha yote NBA ni pointi 2.6 kwa mechi. Timu zilimlipa ili azuie, na hiyo kazi aliifanya. Ilitosha hata kumwingiza kwenye kikosi cha pili cha wakabaji bora wa ligi mwaka 1986.

Msimu wa 1987-88 Bullets wakamsajili pia Muggsy Bogues, mchezaji mwenye futi 5 na inchi 3, mfupi kuliko wote waliowahi kucheza NBA. Tofauti kati yao ilikuwa zaidi ya sentimita 70. Picha za wawili hao wakiwa wamesimama pamoja zilisambaa dunia nzima. Tiketi ziliuzika. Ukweli ni kwamba baadhi ya watu walikwenda ukumbini kama wanaokwenda kwenye sarakasi.

Bol alilijua hilo. Utani aliujibu kwa utani, na kwenye chumba cha kubadilishia nguo yeye ndiye aliyekuwa akiwavunja mbavu wenzake.

Pointi tatu kutoka kwa mrefu kuliko wote

Mwaka 1988 alihamia Golden State Warriors, California, kwa kocha Don Nelson. Nelson alikuwa mtu wa vituko vya kimbinu. Akamruhusu Bol kufanya jambo ambalo hakuna kocha aliyeliwazia: kusimama mbali na kutupa mitupo ya pointi tatu.

Staili yake ilikuwa ya ajabu. Aliuinua mpira kwa mikono miwili juu ya kichwa, kama mtu anayerusha mpira wa pembeni kwenye soka. Msimu wa 1988-89 alijaribu 91, zikaingia 20. Siyo takwimu za kujivunia, lakini kila alipoushika mpira nje ya mstari ukumbi mzima ulikuwa unapiga kelele ukimtaka atupe. Msimu huohuo aliongoza ligi kwa kuzuia, wastani wa 4.3 kwa mechi.

Mwaka 1990 akaenda Philadelphia 76ers, akawa rafiki mkubwa wa Charles Barkley, mmoja wa wachezaji wenye mdomo mrefu kuliko wote kwenye ligi. Usiku uliobaki kwenye kumbukumbu za mashabiki ni wa Machi 3, 1993. Philadelphia ilikuwa ikicheza na Phoenix Suns, timu ambayo Barkley alikuwa ameshahamia. Katika kipindi cha pili peke yake Bol alitupa mitupo 12 ya pointi tatu na kuingiza 6. Mchezaji mwenye wastani wa pointi 2.6 alipata 18 kwa mitupo ya mbali tu.

Baada ya hapo mwili ukaanza kukataa. Alipita Miami, akarudi kwa muda mfupi Washington na Philadelphia, akamalizia Golden State msimu wa 1994-95. Goti likafunga ukurasa wa NBA.

Vita vilivyomfuata Marekani

Mwaka 1983, mwaka ambao Bol aliondoka Sudan, ndio mwaka ambao vita vya pili vya wenyewe kwa wenyewe vilianza. Serikali ya Khartoum upande mmoja, waasi wa SPLA wakiongozwa na John Garang upande wa pili. Garang naye alikuwa Mdinka. Vita hivyo vilidumu miaka 22. Watu wanaokadiriwa kufikia milioni 2 walikufa kwa risasi, njaa na magonjwa, na mamilioni wakakimbia makwao. Wengi walivuka mipaka na kuingia Ethiopia, Kenya na Uganda.

Kwa hiyo miaka yote Bol anazuia mitupo Washington na California, nyumbani kwao vijiji vilikuwa vinachomwa moto. Alipoteza ndugu wengi sana.

Akaanza kutuma hela. Alitembelea kambi za wakimbizi, akaongea na wanasiasa wa Washington kuhusu vita ambavyo Wamarekani wengi hawakuvijua. Nyumbani kwake hapakukosa wageni kutoka Sudan. Wapo waliokuja kutafuta ada, wapo waliotafuta matibabu, wapo waliotaka nauli. Kiasi alichotoa kwa miaka yote kinakadiriwa kufika dola milioni 3.5, kikienda kwa wakimbizi na kwa harakati za watu wa kusini.

Hapa kuna swali gumu. SPLA lilikuwa jeshi, na jeshi lolote vitani huua. Bol alikuwa upande mmoja wa vita, wala hakuficha. Kwake yeye hiyo ndiyo ilikuwa njia ya kuwalinda watu wake. Miaka iliyofuata ilionyesha kwamba alitaka pia njia nyingine.

Kukwama Khartoum

Baada ya makubaliano ya amani kati ya serikali na baadhi ya makundi ya kusini mwaka 1997, Bol aliamini mambo yatabadilika. Akarudi kuishi Khartoum. Kwa maelezo yake, serikali ilimpa ofa ya wadhifa kwenye wizara ya michezo, kwa sharti moja: awe Mwislamu. Bol alikuwa Mkristo. Akakataa.

Kuanzia hapo maisha yakawa magumu. Walimtuhumu kuwasaidia waasi, na alipotaka kuondoka nchini akawekewa vikwazo. Hela ilikuwa imekwisha. Mtu aliyelipwa mamilioni akawa anauza samani za ndani ili apate nauli ya ndege.

Marafiki zake wa Connecticut, akiwemo Seneta Joe Lieberman, walisaidia kusukuma suala lake. Mwaka 2001 akafanikiwa kutoka na familia yake hadi Cairo, Misri, na mwaka 2002 akaingia tena Marekani. Safari hii aliingia kama mkimbizi.

Cairo inamhusu kwa jambo jingine pia. Miaka ya nyuma, huko Misri, Bol aliwafundisha mpira wa kikapu watoto wa familia moja ya Kidinka iliyokimbia vita. Mmoja wa watoto wale aliitwa Luol Deng. Baadaye Deng aliingia NBA na kuchaguliwa mara mbili kucheza mechi ya nyota wa ligi, mwaka 2012 na 2013.

Ngumi, hoki na farasi

Aliporudi Marekani, Bol alikuwa anaumwa baridi yabisi na hana kitu mfukoni. Ndipo alipokubali mambo yaliyowafanya wengi watikise vichwa.

Mei 2002 alipanda ulingoni kwenye kipindi cha televisheni cha ngumi za watu maarufu. Mpinzani wake alikuwa William Perry, aliyekuwa mchezaji wa futiboli ya Kimarekani, mnene kiasi kwamba alipewa jina la Friji. Bol alishinda kwa pointi. Mwaka huohuo alivaa jezi ya timu ya hoki ya barafu ya Indianapolis kwa siku moja, ingawa miguu ilivimba na hakuingia kucheza. Kisha akasajiliwa kama joki wa mbio za farasi, mwenye urefu wa mita 2.31!

Watu walicheka. Wengine walimwonea huruma, wakisema anajidhalilisha. Bol alikuwa na taasisi yake, Ring True Foundation, iliyokusanya misaada kwa watoto wa Sudan, na vituko hivyo vilileta hela na kuifanya taasisi ijulikane. Kama watu walikuwa tayari kulipa ili wamcheke, aliona ni bora kicheko hicho kimnunulie mtu dawa.

Mwaka 2004 teksi aliyopanda huko Connecticut ilipata ajali na kupinduka. Dereva alifariki. Bol alivunjika shingo. Alipona, lakini kutembea kukawa kwa shida. Familia ikahamia jimbo la Kansas.

Januari 9, 2005, mkataba wa kumaliza vita ulisainiwa Nairobi. Lakini magharibi mwa Sudan, huko Darfur, vita vingine vilikuwa vinaendelea, na safari hii waliokuwa wanauawa walikuwa Waislamu. Mwaka 2006 Bol alishiriki matembezi ya wiki tatu kutoka New York hadi Washington ya kupinga mateso nchini Sudan. Mtu mwenye shingo iliyowahi kuvunjika na viungo vinavyouma.

Shule ya Turalei

Mradi wake wa mwisho ulikuwa shule. Akishirikiana na shirika la Sudan Sunrise, alitaka kujenga shule katika maeneo mbalimbali ya Sudan, ya kwanza ikiwa kwao Turalei, ambako watoto walikuwa wanasomea chini ya miti. Jambo lililowashangaza wengi ni kwamba Waislamu kutoka Darfur walishirikishwa kwenye ujenzi wa shule hiyo ya eneo la Wakristo. Mtu aliyewahi kuchangia vita alikuwa sasa anawaweka watu wa pande mbili wajenge ukuta mmoja.

Mapema 2010 alikwenda kukagua ujenzi. Aprili kulikuwa na uchaguzi mkuu, na Rais wa kusini, Salva Kiir, alimwomba abaki asaidie. Akabaki, ingawa figo zilikuwa zinamsumbua. Dawa alizopewa huko zinadhaniwa ndizo zilizomletea ugonjwa uitwao Stevens-Johnson, unaobabua ngozi na utando wa mdomo kama mtu aliyeungua. Alipofika Marekani hali ilikuwa mbaya. Akalazwa hospitali ya Charlottesville, Virginia, na humo akafariki akiwa na miaka 47.

Ibada ya kumuaga ilifanyika kwenye Kanisa Kuu la Taifa, Washington. Mwili ukarudishwa Turalei, akazikwa kwao.

Julai 9, 2011, mwaka mmoja na siku chache baadaye, Sudan Kusini ikawa nchi huru. Bol hakuiona. Hakumwona pia mwanawe, Bol Bol, aliyezaliwa Khartoum mwaka 1999, akiingia NBA mwaka 2019.

Wala hakuiona timu ya taifa ya Sudan Kusini, chini ya shirikisho linaloongozwa na Luol Deng, ikicheza Olimpiki ya Paris mwaka 2024 na kuifunga Puerto Rico 90-79 katika mechi yake ya kwanza. Vijana wengi wa kikosi kile walikulia ukimbizini, na aliyewaongoza kufika pale ni yule mtoto aliyefundishwa na Bol huko Misri.

Uhuru haukumaliza vita. Mwishoni mwa 2013 Wasudan Kusini walianza kupigana wao kwa wao, na watoto wakakimbia tena. Shule aliyoianzisha Bol ilikuwa kwa ajili ya watoto kama hao.